Mkalimani wa Mama Mkubwa

Katika kitivo chetu tunafundishwa kwamba istilahi mpya hupatikana kwa njia kadhaa: kutohoa, kutafsiri, kuunganisha maneno, kupanua maana ya neno la zamani. Nililijibu swali hilo katika mtihani wa mwaka wa pili na nikapata alama nzuri. Mwezi wa saba mwaka jana, nikiwa nimeketi katika uwanja wa besiboli mjini Cincinnati, nchini Marekani, swali lilelile lilinirudia, safari hii bila karatasi na bila muda wa kufikiri. Aliyeniuliza alikuwa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Alitaka kujua yule kijana anayekimbia anakimbilia nini, na nani anamfukuza.

Nieleze kwanza nilivyofika pale. Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja wa kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha huko, na kabla ya kurudi nilipita Louisville, katika jimbo la Kentucky, kuwasalimu mama mkubwa na mumewe. Wao walitoka Fizi mwaka 2002, wakavuka Ziwa Tanganyika usiku hadi Kigoma, wakaishi miaka kumi na minne katika kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2016 walipelekwa Kentucky, ambako Wakongo wengi wamepokelewa. Mtoto wao wa mwisho alizaliwa kambini. Kiingereza kina neno moja tu kwa mtoto wa mama mkubwa, wa mjomba na wa shangazi. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, na huyu nilimzidi umri, kwa hiyo ni mdogo wangu, basi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 15. Anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Mama yake anasikia Kiingereza cha dukani na cha kazini lakini hujibu kwa Kiswahili. Wakiwa na jambo dogo wanaelewana vizuri. Likija jambo kubwa, kila mmoja hubaki ng'ambo yake.

Jambo kubwa la mwaka huo lilikuwa karatasi moja. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa katika timu ya vijana ya besiboli inayosafiri mji hadi mji wakati wa likizo, na karatasi ya ruhusa ilihitaji sahihi ya mzazi. Ilikaa wiki tatu kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku. Mama mkubwa alikataa kuitia sahihi na hakutoa sababu. Mtoto alidhani ni kwa ajili ya kanisa, maana mashindano mengine huangukia Jumapili na mama yake ni mwimbaji wa kwaya. Baba mkubwa, ambaye ni mtu wa maneno machache, akakata shauri: tutachukua gari, tutazunguka viwanja siku nne, mama akione kitu chenyewe kabla ya kukikataa. Akanigeukia mimi. "Na wewe unasomea lugha," akasema. "Utatusaidia."

Tulianzia palepale Louisville, kwenye kiwanda na makumbusho ya magongo ya besiboli. Nje ya jengo hilo kuna gongo la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 36, limeegemezwa ukutani kana kwamba kuna mtu ameliacha hapo na atarudi kulichukua. Mama mkubwa alilitazama kuanzia chini hadi juu. "Muchi mukubwa vile," akasema, "sasa sombe ya kutwanga iko wapi?" Ndani tuliona mbao zikichongwa na mashine hadi zikawa magongo, na mwishoni kila mgeni hupewa kagongo kadogo bure. Wengine waliweka kao mfukoni kama kumbukumbu. Mama mkubwa alikapima mkononi, akasema katafaa kutwangia kitunguu saumu. Tangu saa hiyo, katika gari letu, gongo la besiboli liliitwa mchi. Hakuna aliyepiga kura.

Kutoka Louisville hadi Cincinnati ni karibu kilomita 160. Unakwenda katika Kentucky mpaka unakutana na mto Ohio, unavuka daraja, na ng'ambo ndio mji. Uwanja wa timu ya Reds uko ukingoni mwa mto na ulifunguliwa mwaka 2003, lakini mji wenyewe una historia ndefu zaidi katika mchezo huu, kwa maana timu yake ya mwaka 1869 ndiyo ya kwanza iliyowalipa wachezaji wake wote mshahara bila kuficha. Karibu na uwanja kuna makumbusho ya watu waliotoroka utumwa. Zamani Kentucky ilikuwa nchi ya watumwa na Ohio haikuwa hivyo. Aliyeuvuka mto huu alikuwa ameanza kuwa huru, ingawa aliweza bado kukamatwa na kurudishwa. Nilimweleza mama mkubwa hayo tukiwa tumesimama tukitazama maji. Aliyatazama kwa muda. "Upana si kitu," akasema. "Yetu ilimaliza usiku muzima." Kisha akauliza choo kiko wapi.

Kwa wasomaji ambao hawajauona mchezo huu, niueleze kwa ufupi. Timu mbili hupokezana. Moja ina watu tisa uwanjani, nyingine inaleta mpigaji mmoja mmoja. Mrushaji husimama kama mita 18 kutoka kwa mpigaji na kumrushia mpira kwa nguvu nyingi. Mpigaji akiupiga vizuri, anakimbia. Kuna vituo vitatu, na mahali anapoanzia panaitwa nyumbani. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 27 na kidogo. Hupati pointi kwa kupiga mpira mbali, unaipata kwa kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani. Wapigaji watatu wakishindwa, timu zinabadilishana, na hivyo mara tisa. Mechi haina dakika tisini, inakwisha inapokwisha.

Haya ni rahisi kuyaandika. Kuyasema kwa mtu aliyeketi kando yako huku mambo yanatokea ni kazi nyingine kabisa. Mpigaji wa kwanza alishindwa, akaondoka. Nikasema lile neno tulilotumia utotoni katika michezo ya mpira, tulipomlenga mwenzetu na mpira ukampata: "Amekufa."

Mama mkubwa alinigeukia. "Nani amekufa?"

"Hajafa, Mama. Ametolewa tu katika mchezo."

"Basi juu ya nini unasema amekufa? Ona, anaenda kuketi na wenzake, anakunywa maji. Sema ameketi."

Ikawa "ameketi". Nilitambua baadaye kwamba hapo nilikuwa nimeona jambo ambalo tumelisoma darasani mara nyingi bila kuliona. Nilikuwa na neno sahihi, lenye historia, linalotumiwa na watoto wa kwetu hadi leo. Lakini msikilizaji wangu alikuwa na haki ya kulikataa, na sababu zake zilikuwa nzito kuliko zangu.

Mkimbiaji mmoja aliponyemelea kituo cha pili wakati mrushaji amegeuza uso, nilimwambia kuwa ameiba, kwa sababu hata Kiingereza kinasema hivyo. "Mbele ya batu yote hii?" akauliza, na aliposikia watu wanapiga makofi alitikisa kichwa. Na mwamuzi alipotandaza mikono miwili kuonyesha kwamba mkimbiaji amewahi kufika kabla ya mpira, nilisema "amefika salama". Neno hilo halikuhitaji maelezo. Alilipokea, na tangu hapo kila mwamuzi alipotandaza mikono yeye alikuwa wa kwanza katika safu yetu kusema kwa sauti: "Salama!" Mzee mmoja wa kizungu aliyeketi mbele yetu alianza kuitikia naye, bila kujua anasema nini.

Nikiri kosa langu la kwanza, lililokuwa la majivuno. Nilipoona kwamba mchezo wote ni habari ya kutoka nyumbani, kuzunguka na kurudi nyumbani, nilidhani nimepata hazina. Nikamgeukia mama mkubwa na kumweleza kwa maneno mazuri kwamba huyu mkimbiaji ni kama sisi, ni kama wao waliotoka Fizi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hapana," akasema. "Huyu anatoka sasa hivi, anarudi sasa hivi, na nyumba yake iko palepale. Usitufananishe naye." Akaendelea kula karanga.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Upande wa kulia wa uwanja huo, nyuma ya wachezaji, kuna minara miwili iliyotengenezwa kama mabomba ya moshi ya meli za zamani za mtoni. Mrushaji wa nyumbani akimshinda mpigaji, minara inatoa moto. Mchezaji wa nyumbani akiupiga mpira mpaka nje ya uwanja, zinalipuka fataki. Siku hiyo ilitokea hivyo. Fataki zililia juu yetu, watu elfu nyingi wakasimama kwa furaha, na mama mkubwa akainama. Aliinama kabisa, kichwa magotini, mkono wake umenishika hapa juu ya kiwiko. Karanga zilimwagika chini. Watu wa safu ya nyuma walitazama.

Mdogo wangu aliona aibu. Alisema kwa Kiingereza, haraka, bila kumtazama mama yake: "Mwambie anaogopa kila kitu. Mwambie hapa si Congo. Mwambie ndiyo maana hataki kutia sahihi, kwa sababu anaogopa, basi."

Mimi nikatafsiri: "Anasema usiwe na wasiwasi, Mama. Ni fataki tu."

Alijiinua polepole, akapangusa kitenge chake. "Hakusema vile," akaniambia.

Sikujibu.

"Neno la uoga la Kiingereza ninalijua. Kule kambini waliniuliza kila mara kama ninaogopa kurudi. Na mimi nilikuwa nasema, nasema mpaka koo inakauka, halafu mukalimani anawaambia maneno mbili. Nilikuwa najiuliza, ile mengine yote ameitia wapi?" Aliniangalia. "Sasa na wewe. Ile mengine umeitia wapi?"

Katika masomo yetu tunajadili uaminifu wa tafsiri, iwe kwa neno, kwa maana au kwa lengo la msemaji. Ninaweza kujitetea kwa nadharia. Ningeweza kusema kwamba nililinda amani ya familia. Ukweli ni kwamba nilijilinda mwenyewe, sikutaka maneno hayo yatoke katika kinywa changu. Nilikuwa nimemnyang'anya mtoto hasira yake na mama haki yake ya kuijibu, na nilifanya hivyo kwa neno moja la upole.

Basi nikatafsiri upya, yote, pamoja na "kila kitu" na "hapa si Congo". Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayehesabu pesa alizorudishiwa. Kisha akasema: "Sasa mwambie yangu. Usikate."

Akasema kwamba mtoto wake wa kwanza naye alikuwa na miaka 15. Wanaume walifika kijijini na gari, wakasema kuna mechi ya mpira kijiji cha pili, wanatafuta vijana wanaojua kucheza. Mtoto alikuwa anajua kucheza. Alikuja kuomba ruhusa, na yeye mama akamruhusu, akampa na ndizi za njiani. Gari halikurudi. Wiki mbili baadaye vita vilifika kijijini nao wakavuka ziwa bila yeye. "Mwambie," akasema, "karatasi ile si ya kwanza. Ya kwanza nilisema ndiyo."

Nilitafsiri sentensi kwa sentensi, katikati ya kelele za muziki na wauza vinywaji. Nilipofika kwenye ndizi sauti yangu ilikwama, nikarudia. Mdogo wangu alikuwa anajua kwamba kaka yake alipotea vitani. Habari ya mpira hakuwa ameambiwa. Baba mkubwa, upande wa pili, alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na hakusema kitu.

Mchezo uliendelea. Katikati ya zamu ya saba watu wote husimama na kuimba wimbo wa zamani wa mwaka 1908, ambao ndani yake mna karanga. Nasi tukasimama. Mama mkubwa hajui maneno yake, lakini amekuwa katika kwaya tangu ujana, na baada ya mstari wa pili alikuwa ameshapata sauti ya chini na anaivumisha. Mdogo wangu aliinama akaanza kuokota karanga zilizomwagika, moja moja, akizirudisha katika mfuko.

Tulipotoka ilikuwa jioni. Mbele ya lango kuu kuna sanamu za wachezaji wa zamani, na mdogo wangu alisimama mbele ya mmoja, Joe Nuxhall. Ninaijua habari yake sasa. Tarehe 10 Juni 1944, wakati wanaume wengi wa Marekani walikuwa vitani, Reds walikuwa na upungufu wa wachezaji, wakampa mpira kijana wa shule kutoka Hamilton, mji wa jirani. Alikuwa hajatimiza miaka 16. Alirusha vibaya, akaondolewa haraka, na timu yake ikafungwa 18 kwa 0. Alirudi katika ligi kuu mwaka 1952, akaicheza miaka mingi, kisha akawa mtangazaji wa mechi redioni. Alikuwa akifunga kila matangazo kwa kusema kwamba anapita kituo cha tatu na anaelekea nyumbani, na maneno hayo yameandikwa kwenye ukuta wa nje wa uwanja.

Mdogo wangu alinitazama kama kawaida, akingoja nitafsiri. Nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Akangoja. Halafu akamgeukia mama yake na kuanza mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho mwalimu yeyote wa kitivo chetu angekijaza wino mwekundu. "Mama. Huyu, yeye miaka kumi na tano. Watu wakubwa wote kwenda vita. Watu hakuna. Yeye kucheza."

Mama mkubwa alitazama sanamu. "Vita ilimupeleka kucheza?"

"Ndiyo, Mama."

"Akarudi?"

"Alirudi," akasema mdogo wangu. Hapo kitenzi kilikuwa kamili: nafsi, wakati na mzizi.

Usiku ule, hotelini, mama mkubwa hakutia sahihi. Aliomba karatasi, ambayo kumbe mtoto aliichukua kutoka kwenye friji na kuikunja katika begi lake, akaniambia nimsomee yote kwa Kiswahili. Zilikuwa kurasa tatu. Nilisoma habari ya bima, ya dawa, ya nani anaendesha basi, ya saa ya kurudi. Sikukata kitu. Penye neno nisilolijua nilisema silijui, tukalitafuta. Aliuliza maswali kumi na moja. Mdogo wangu aliandika kila swali, maana alitakiwa kuyapeleka kwa kocha. La mwisho lilikuwa: mama wanaruhusiwa kupanda basi?

Siku ya tatu tulifika Pittsburgh, mwendo wa kutwa nzima. Huko mdogo wangu alikuwa na habari nyingine ya kumweleza mama yake. Katika uwanja ule, tarehe 26 Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza katika ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Mama yake alikuwa mfanyakazi katika klabu ya besiboli, na mtoto alikulia humo. Aliieleza kwa Kiswahili chake, polepole, akiniuliza neno moja moja. Niliyampa maneno aliyoomba, wala sikuongeza.

Nimesharudi nyumbani, na ninaandika tasnifu yangu. Profesa wangu ananiuliza mara kwa mara data zangu zimetoka wapi, nami nazitaja kama inavyotakiwa. "Kuketi" na "mchi" sijaviweka humo. Vina wasemaji wanne tu, na mmoja wao ni mimi.

Lakini mwezi uliopita nilipata ujumbe wa sauti katika simu. Kwanza nilisikia kelele za watu, makofi, mtu anapuliza filimbi. Kisha sauti ya mama mkubwa, karibu sana na kinasa sauti, kama anavyofanya siku zote.

"Mwanangu, andika. Leo mutoto ameketi mara mbili. Ya tatu ameiba, mbele ya batu yote. Na mimi nilikuwa napiga makofi." Akapumua. "Salama."